Darubini ya bunduki: Kwa nini mwindaji wa milimani hutazama uimara kabla ya ukubwa

WAWINDAJI wanaopanda milima ya Rocky, magharibi mwa Marekani, kila msimu wa vuli hubeba bunduki ambazo aghalabu usahihi wake umeupita uwezo wa mikono inayozishika. Mmoja wao anapomkosa mnyama, au vibaya zaidi anapomjeruhi na kumwacha atokomee msituni, huilaumu bunduki, akalaumu risasi, akalaumu upepo. Ni nadra kwake kukishuku kile kifaa kilichofungwa juu ya mtutu, ambacho pengine kilimgharimu pesa nyingi kuliko bunduki yenyewe: darubini ya kulengea.

Suala hilo si dogo. Elki, mnyama wa jamii ya paa ambaye dume lake huweza kupita kilo 300, hafi upesi asipopigwa moyoni au mapafuni, na sehemu hiyo ina kimo cha takriban sentimita 40 tu. Darubini iliyosogea kiasi cha kupeleka risasi kando kwa sentimita 10 katika umbali wa mita 100 itaipeleka kando kwa sentimita 30 mnyama akiwa mita 300. Risasi iliyokusudiwa mapafu hutua tumboni, na mnyama hukimbia kilomita kadhaa kabla ya kufa kifo cha mateso mahali asikoweza kupatikana.

Mazingira yenyewe hayasaidii. Katika nyika kama Bob Marshall, jimboni Montana, ambayo ililindwa na sheria ya mwaka 1964 inayopiga marufuku magari na hata baiskeli, mwindaji huingia kwa miguu au akiwa juu ya farasi, mizigo ikibebwa na baghala. Bunduki husafiri ndani ya ala ya ngozi iliyofungwa kwenye tandiko, na farasi apitapo kati ya miti hajali iwapo kilichobanwa kati ya ubavu wake na shina la msonobari ni mguu wa mtu au ni kifaa cha dola 1,500. Anayetembea naye huteleza kwenye mawe, akaanguka na bunduki. Barabara iko mwendo wa siku nzima, na duka liko mbali zaidi.

Ili kuelewa kinachoharibika, yafaa kuitazama darubini kwa ndani. Kwa nje ni mrija wa aluminiamu wenye kipenyo cha milimita 25.4, 30 au 34, lenzi kubwa ikiwa mbele na ndogo ikiwa upande wa jicho. Ndani ya mrija huo mna mrija mwingine mwembamba unaobeba lenzi za kuigeuza picha, ambayo bila lenzi hizo ingeonekana miguu juu kichwa chini. Mrija huu wa ndani haukukazwa moja kwa moja. Umeegemezwa nyuma, na mbele unasukumwa na skrubu mbili, moja ya juu na nyingine ya ubavuni, huku springi ikiusukuma kutoka upande wa pili ili usicheze.

Skrubu hizo ndizo zinazozungushwa kwa vinundu vinavyoonekana nje. Kila mlio mdogo wa kinundu huisogeza shabaha kwa sentimita 1 katika umbali wa mita 100, au milimita 7 hivi, kutegemea vipimo alivyochagua mtengenezaji. Hata hivyo, ndani ya darubini mwendo huo ni mdogo kuliko upana wa unywele. Kwa hiyo springi ikilegea kidogo, au skrubu ikipata pigo ikaacha kovu mahali inapogusana na mrija, mwindaji hataona chochote. Kioo kitabaki safi, alama ya msalaba itabaki katikati, lakini risasi itakwenda kwingine.

Ndiyo sababu ununuzi wa kifaa hiki huwapotosha watu. Dukani mteja hukabidhiwa darubini, akaielekeza dirishani na kutazama ng'ambo ya barabara. Anachoweza kukipima hapo ni ung'avu wa kioo, na kioo ni jambo ambalo viwanda vimelimudu kitambo. Mwaka 1935 Olexander Smakula, mwanafizikia wa kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani, alivumbua utando mwembamba wa kupakwa kwenye lenzi ili kupunguza mwanga unaorudishwa nyuma. Bila utando huo kila uso wa kioo hupoteza karibu asilimia 4 ya mwanga, na darubini ina nyuso nyingi. Leo hata darubini za bei ya wastani zina utando huo na picha zake zapendeza. Uimara wa springi, kwa upande mwingine, haupimwi kwa kutazama dirishani.

Ukungu nao ulitatuliwa zamani. Darubini za mwanzo, zikiwemo zile za bei nafuu ambazo William Weaver alianza kuziuza Marekani mwaka 1930, zilikuwa na kasoro ya kuingiza unyevu, na asubuhi yenye baridi mwindaji alijikuta akitazama wingu. Kampuni ya Leupold ya Oregon, jimbo lisilokauka mvua upande wake wa pwani, ilileta mwaka 1947 darubini iliyotolewa hewa ya kawaida na kujazwa gesi ya nitrojeni, ikazibwa kwa mipira. Tangu hapo kuujaza mrija nitrojeni, au agoni, ni jambo la kawaida kiasi kwamba kulitangaza kama sifa ya pekee ni sawa na muuza gari kujisifu kuwa gari lake lina magurudumu.

Mnunuzi wa darubini ya milimani, basi, anapaswa kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, ikianguka, risasi itaendelea kutua pale pale?

Miongoni mwa wawindaji wa Marekani imezuka desturi ya kulijibu swali hilo kwa vitendo. Bunduki huanza kwa kulinganishwa, yaani darubini hurekebishwa mpaka shabaha na mahali risasi inapotua viwe kitu kimoja. Kisha, ikiwa haina risasi, huangushwa juu ya mkeka kutoka kimo cha karibu sentimita 45, darubini ikitangulia: mara kwa upande wa kushoto, mara wa kulia, mara kwa juu. Baada ya kila pigo hupigwa risasi kuangalia kama kuna kilichosogea. Halafu kimo huongezwa mara mbili. Matokeo yamewashangaza wengi, kwani zipo darubini za bei ghali zilizopotoka kwa pigo la kwanza, na zipo za bei ya kadiri zilizostahimili yote. Baadhi ya watengenezaji, kama Nightforce wa Idaho, huzigonga darubini zao kiwandani kabla ya kuziuza. Wengine hutegemea dhamana ya maisha, ambayo ni jambo jema, ila dhamana hulipwa mtu akisharudi nyumbani.

Anayefanya jaribio hilo ajihadhari na haraka. Risasi tatu hazitoshi kuonyesha kitu, kwa kuwa hata bunduki nzuri hutawanya risasi kidogo na tatu zinaweza kubahatika zikasimama pamoja. Risasi kumi huonyesha kitovu cha kundi kwa uhakika zaidi. Ni gharama, naam, lakini ni ndogo ikilinganishwa na leseni na nauli ya safari yenyewe.

Zaidi ya hayo, si kila kosa ni la darubini. Mafundi wengi watakwambia kuwa bunduki inayotangatanga mara nyingi imelegea penye pete zinazoishika darubini, au penye kitako cha chuma kinachobeba pete hizo. Mafuta ya kiwandani yakiachwa kwenye nyuzi za skrubu, skrubu hujifungua polepole kila bunduki inapopiga teke. Dawa ni kuyafuta, kupaka gundi ya skrubu kwenye zile za kitako, na kukaza kwa spana yenye kipimo badala ya kutumia nguvu za mkono. Skrubu za pete huhitaji kama nyutoni-mita 2 tu. Mwenye kifua kipana huzizidisha bila kujua, akaubana mrija wa nje hadi ukaukwaza ule wa ndani, na hapo atakuwa ameiharibu mwenyewe darubini iliyotoka kiwandani ikiwa nzima. Skrubu zinazoshikilia mtutu kwenye mbao nazo zikaguliwe.

Uimara una bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa mabega. Darubini nyepesi ya uwindaji huweza kuwa na uzito wa gramu 300 hivi, ilhali zilizojengwa kwa kuhimili mapigo nyingi huanzia nusu kilo kwenda juu. Kwa mtu anayepanda mita 1,000 kila siku akiwa na hema na chakula mgongoni, gramu 300 za ziada si mzaha. Hata hivyo, mahali bora pa kupunguza uzito ni kwingine, kwani kijiko chepesi hakiwezi kumjeruhi mnyama.

Njia mojawapo ya kupata wepesi bila kupoteza uimara ni kuacha tamaa ya ukuzaji mkubwa. Kwa miaka mingi darubini isiyobadilika, inayokuza mara 4 au 6, ndiyo iliyotegemewa milimani, nayo ina sehemu chache za kuharibika. Siku hizi wengi huchagua inayobadilika kati ya mara 3 na 9 au 10, na hiyo yatosha kabisa kwa mnyama mkubwa kama elki. Ukuzaji wa mara 20 hupunguza uwanja wa kuona na kufanya kila pigo la moyo wa mlengaji lionekane kama tetemeko, mbali na kuhitaji lenzi nzito. Mtu akitaka kuchunguza pembe za mnyama aliye ng'ambo ya bonde, kazi hiyo ina darubini yake ya mkononi.

Hesabu ya mwanga ni rahisi pia. Kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji hutoa upana wa mwale unaofika jichoni. Lenzi ya milimita 40 ikikuza mara 6 hutoa mwale unaokaribia milimita 7, ambao ndio upana wa mboni ya kijana gizani. Mboni ya mtu mzima haifunguki kiasi hicho. Lenzi ya milimita 56, ambayo hulazimu kuinuliwa darubini juu ya mtutu na kuiweka mahali rahisi pa kugongwa, haina faida kubwa kwa mwenye umri wa miaka 50.

Vinundu navyo vichaguliwe kwa busara. Vile virefu vilivyo wazi humfaa anayelenga mbali kwa kuhesabu, lakini huzunguka vyenyewe vikikwaruzana na ala au mkoba. Asiyepiga zaidi ya mita 300 atahudumiwa vyema na vile vyenye kifuniko. Nafasi kati ya jicho na lenzi isipungue sentimita 9, la sivyo bunduki ipigapo teke itamwachia mlengaji kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi. Watu wengi wanalo.

Nchini Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikaendeleza marufuku hiyo, darubini hizi huhusishwa zaidi na walinda mbuga na madaktari wa wanyama. Lakini ng'ambo ya mpaka, Tanzania huruhusu uwindaji wa kitalii katika mapori yake ya akiba, na huko masharti hubadilika. Nyati hupigwa kwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100 kichakani, kwa bunduki ya kaliba ya .375 au zaidi. Teke la bunduki hiyo pekee huweza kuivunja darubini dhaifu, achilia mbali siku nzima ya kutikiswa ndani ya gari kwenye njia za vumbi. Wanaoongoza safari hizo hupendelea darubini fupi inayoanzia ukuzaji wa mara 1 au 1.5, ikiwa na pete zinazofunguka upesi ili mwindaji arudie shabaha ya chuma ikibidi. Nyati aliyejeruhiwa kwa sababu ya springi iliyolegea hujificha na kumngoja anayemfuata, na anayemfuata kwa kawaida ni mfuatiliaji nyayo, wala si mgeni aliyeinunua darubini hiyo.

Milimani au nyikani, bunduki iliyosafiri kwa ndege inapaswa kupigwa tena mtu afikapo kambini. Mwinuko nao usisahaulike: katika kimo cha mita 3,000 hewa ni nyepesi kwa zaidi ya robo ikilinganishwa na pwani, risasi huanguka kwa kiasi kidogo kuliko ilivyozoeleka nyumbani, na tofauti hiyo huonekana kwa mbali. Wapo waliozungusha vinundu wakidhani darubini imepotoka, kumbe ni hewa. Usiku bunduki ibaki nje ya joto la hema, kwa sababu nitrojeni hulinda ndani tu, ilhali unyevu wa pumzi za watu huganda juu ya lenzi baridi pindi inapoingizwa.

Ikitokea imeanguka, wenye uzoefu hutenga risasi tatu au nne kwa ajili ya kuthibitisha, wakazipiga kwenye boksi tupu la karatasi lililowekwa umbali wa mita 100, hata kama mlio utawatimua elki wote wa bonde hilo kwa siku nzima.