Muhuri wa mpakani si kibali cha kuishi

Mgeni mstaafu anayevuka Busia au Malaba kwenda Uganda na kurudi jioni bado ni mgeni tu. Kukaa nchini baada ya muda wa pasi kuisha ni kosa kisheria, hivyo aombe kuongezewa muda mapema.

Anayetaka kuishi nchini huomba kibali cha Daraja K, mtandaoni, kutoka Idara ya Uhamiaji. Hupewa mwenye umri wa miaka 35 au zaidi na kipato cha uhakika, kama pensheni, na hakimruhusu kufanya kazi ya kulipwa.

Kikatiba, uhamiaji ni jukumu la serikali ya kitaifa. Anayedai ada ya kibali kwa niaba ya kaunti ni tapeli. Mwenyeji, mkumbushe mgeni wako akague tarehe kwenye pasipoti.