Mkono, Jembe na Ndoo ya Maji: Shughuli za Mwili baada ya Saratani ya Matiti Vijijini

Mwanamke anayerejea kijijini baada ya matibabu ya saratani ya matiti mara nyingi huondoka hospitalini na onyo moja asilolisahau: asibebe kitu kizito kwa mkono wa upande uliopasuliwa. Onyo hilo lina sababu, lakini si kila mara hufuatana na maelezo. Nyumbani anasubiriwa na ndoo ya lita 20, mzigo wa kuni na shamba. Wapo wanaoacha kazi zote. Wapo ambao, kwa kukosa msaidizi, huzirudia zote kwa siku moja. Njia zote mbili zina madhara.

Kwa nini mkono huvimba?

Wakati wa upasuaji, daktari huweza kuondoa tezi za limfu za kwapani. Tezi hizo pamoja na mishipa yake hurudisha kwenye damu majimaji yanayobaki katika nyama za mkono. Zikiondolewa, au zikiathiriwa na mionzi, majimaji huweza kutuama na mkono ukavimba, pengine miezi au hata miaka baadaye. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kinga ni kuupumzisha mkono.

Mwaka 2009, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Schmitz walichapisha matokeo yaliyotikisa imani hiyo. Waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wanawake 141 waliokwisha kuwa na uvimbe. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, likianza na uzito mdogo sana chini ya uangalizi, likiongeza hatua kwa hatua na kuvaa vazi maalumu la kubana mkono. Uvimbe wao haukuzidi ule wa wenzao. Zaidi ya hayo, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 14 yao, ilhali kwa wasiofanya mazoezi ilikuwa asilimia 29. Misuli inapokaza na kulegea husukuma majimaji, na mkono wenye nguvu hauelemewi upesi.

Je, kulima hakutoshi?

Kulima ni shughuli ya mwili, lakini hufuata msimu: wiki kadhaa za kupalilia kutwa, kisha utulivu wa miezi. Mwili hunufaika zaidi na mwendo wa kila wiki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano kunatosha kufikia kiwango cha chini. Mwendo huo hupunguza uchovu na wasiwasi vinavyobaki baada ya matibabu.

Namna ya kuanza

Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, mgonjwa asimame mbele ya ukuta na kupandisha vidole polepole hadi mkono unyooke. Baadaye anyanyue chupa ya nusu lita iliyojaa maji. Zikipita wiki kadhaa bila dalili mbaya, aongeze uzito kidogo. Kwa maji ya nyumbani, aanze na kidumu kidogo. Ndoo iliyojaa ina uzito wa kilo 20, nayo si ya kuanzia. Shambani alime kwa muda mfupi, apumzike, aendelee. Familia imgawie kazi, isimnyang'anye zote.

Mkono ukiwa mzito, bangili au mkono wa gauni ukibana, apunguze kazi na kumwona mhudumu wa afya. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, au homa ikipanda, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani huenda ni maambukizi. Hata mchubuko wa mwiba uoshwe kwa sabuni. Ambaye saratani imefika kwenye mifupa, au moyo wake umedhoofishwa na dawa, apate kwanza ushauri wa daktari.

Kwetu sisi watoa huduma, neno "usibebe" halitoshi. Tumwambie mgonjwa aanze na uzito gani, aongeze lini, na asimame wapi.