Ukurutu Si Choa

Mwenzetu akijikuna kila mara kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, bwenini anatengwa: eti ana choa! Choa huwa na umbo la duara, nacho kweli huambukiza. Ukurutu hauambukizi ng'o. Huja na kuondoka miaka nenda rudi, manake ngozi haishiki maji nayo kinga ya mwili inapigana bure. Hewa kavu kama hii yetu ya Kiboko huuchochea.

Vitabu vingi husema ngozi "hugeuka nyekundu". Nyekundu gani jamani, kwa ngozi kama yangu? Kwetu huwa kahawia nzito, zambarau au kijivujivu, basi huchelewa kutambuliwa. Ndiyo maana nakisifu kile kituo cha Moshi, Tanzania, kilichofunguliwa 1992 pale KCMC: matabibu wa Afrika husomea maradhi ya ngozi kwa wagonjwa wa kwetu.

Ukishaoga, jipake mafuta ya mgando mwili ungali na unyevu. Ukizidi, daktari atakupa krimu ya steroidi, uitumie kwa muda aliokuambia. Zile za kung'arisha ngozi za sokoni, achana nazo! Nyingine zimetiwa steroidi kali kimyakimya, nazo hukondesha ngozi. Doa jeusi linalobaki hufifia polepole, kwa miezi.