Sura ya 7: Mwalimu wa Muda na Miezi Mikavu

Mwalimu wa muda akianza kukosa vipindi, shauri la kwanza analopewa ni kutafuta mtaji. Ndugu wanamwambia afungue duka, wenzake wanamwambia akope afuge kuku, majirani wanamwambia ajaribu bahati mpakani. Shauri hilo limerudiwa mno hata watu hawaliulizi tena maswali, nalo ndilo lililonisukuma kuandika sura hii, kwa sababu linaanzia pasipostahili. Mwalimu wa kudumu nchini Rwanda anaweza kukopa Umwalimu SACCO, chama cha akiba na mikopo kinachofanya kazi tangu 2008, kwa kuwa mshahara wake unapita humo na deni hukatwa kabla hajaushika. Anayeshika nafasi ya mwenzake aliye likizoni hana mshahara wa kukatwa katika mwezi usio na kazi. Akikopa kwa mtu, riba inatembea hata siku ambazo yeye amekaa. Kinachompungukia si mtaji. Kinachompungukia ni kusoma majira. Miezi yake mikavu inajulikana mapema, na kazi ya ziada inayomfaa ni ile inayolipa katika miezi hiyohiyo, isiyomdai fedha kabla ya kumpa, na anayoweza kuiacha jioni shule ikimwita kwa ajili ya kesho asubuhi.

Tuchukue Nyakiriba, sekta mojawapo ya wilaya ya Rubavu, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Gisenyi. Nafasi za kushika darasa hapo, kama kwingineko, hutoka kwenye ugonjwa, uhamisho na zaidi ya yote uzazi. Tangu 2023 sheria ya kazi ya Rwanda inampa mama likizo ya wiki 14, muda unaokaribia muhula mzima, kwa hiyo likizo moja ya uzazi inaweza kumlisha mwalimu wa muda kwa muhula. Lakini hakuna anayeshikiwa darasa shule ikiwa imefungwa. Mwaka wa masomo unaanza Septemba na kuishia kati ya Juni na Julai, kisha inakuja likizo ndefu. Kuna mapumziko ya mwisho wa mwaka, na ya Aprili, ambayo huangukia wiki ya maombolezo ya kitaifa inayoanza tarehe 7. Ukame huu una tarehe zake, na wizara huzitangaza mapema. Mtu anayefikiwa na Julai akiwa hana mpango hawezi kusema ameshtukizwa.

Kabla ya kwenda mbali, niondoe takataka njiani. Wako wanaouza dawa ya kufungua nyota ya biashara, na wahubiri wanaoahidi kwamba sadaka ya leo itarudi mara mia. Fedha ya mwalimu inahama mfuko, basi. Wako wanaoweka mikeka ya mpira wakiiita kazi ya pili. Hata kampuni ya kubeti ingebakiza faranga 5 tu katika kila 100 kwa mechi moja, mkeka wa mechi kumi ungerudisha wastani wa faranga 60 hivi kwa kila 100, na huo ni ukarimu wa kubuni. Wabaya zaidi ni wale wa mtandao wa kuingiza watu, ambao huwapenda walimu kwa sababu walimu wanaaminika. Hesabu yao ni ya darasa la tano. Mmoja aingize sita, kila mmoja wa sita aingize sita: ngazi ya saba inadai watu 279,936, na ya nane 1,679,616, yaani wengi kuliko wakazi wote wa Rubavu pamoja na watoto wachanga, mara kadhaa. Tena, popote mnyororo utakapokatika, karibu watano katika kila sita waliomo watakuwa kwenye ngazi ya mwisho, hawajaingiza mtu, wamelipa tu. Tanzania ililiona jambo hili mwaka 2009 katika sakata la upatu wa DECI, ambako watu walipanda mbegu za fedha wakingoja mavuno. Mwalimu wa hesabu anayejiunga na kitu kama hicho ameliweka kando somo lake mwenyewe.

Sasa, kazi zenyewe. Nilipanga kuzipima nne kwa kipimo kimoja: kilimo, ufugaji, biashara ya mpakani na kufundisha nje ya shule. Lakini Nyakiriba huwezi kutaja kilimo bila viazi mviringo, na viazi vinastahili nafasi kubwa kwa sababu ndivyo vinavyowadanganya watu wenye akili. Rubavu, Nyabihu, Musanze na Burera, wilaya nne za udongo wa volkano, ndizo zinazoilisha Rwanda viazi. Mwalimu anaona malori yakipakia, anaona jirani akiezeka bati, anasema: nitakodi ari kumi. Asichokiona ni kwamba hekta moja hula takribani tani mbili za mbegu. Ari kumi basi ni kilo 200, zinazozikwa ardhini kabla ya senti kuingia. Akikwepa gharama kwa kupanda viazi vidogo vilivyobaki sokoni, anaweza kuwa anapanda pia mnyauko wa bakteria, ugonjwa ambao hauondoki na zao lililokufa. Unabaki kwenye udongo ukivingoja viazi vya msimu ujao, na mwenye shamba atamkumbuka.

Kisha kuna ukungu, ule uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa kuu. Unapenda hasa hali ya hewa ya milima hii: baridi, mvua, majani yasiyokauka. Shamba lililokuwa kijani linaweza kuwa jeusi katika siku chache. Dawa ya kuukinga hupigwa kabla haujaonekana, na katika mvua nzito hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mvua huiosha na majani mapya huchipua bila kinga. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Msimu wa kwanza hupandwa kuanzia Septemba. Kupalilia, kupandishia udongo na kupiga dawa kunaangukia Oktoba na Novemba, katikati ya muhula wa kwanza. Msimu wa pili hupandwa kuanzia Machi, na kazi yake nzito iko Aprili na Mei, shule zikiwa wazi isipokuwa siku za mapumziko ya Aprili. Viazi vinamdai mwalimu siku zilezile ambazo shule inamhitaji. Akiitwa darasani, ama anaacha shamba kwa ukungu, ama anamlipa kibarua sehemu ya kile anachokipata darasani. Na akifika mavuno, wilaya nzima inavuna naye, bei inashuka, naye hana ghala la kusubiria. Mkulima aliyezaliwa kwenye viazi huhimili mwaka mbaya kwa sababu ana mashamba kadhaa, mbegu yake na watu wa nyumbani. Mwalimu wa ari kumi za kukodi ana msimu mmoja tu wa kukosea.

Ufugaji wa kuku wa kununuliwa chakula una hesabu ya aina hiyohiyo na sitairudia. Mpaka wa Goma, upande wa Kongo, nao unavutia, maana watu kwa makumi ya maelfu wamezoea kuuvuka kwa siku moja. Lakini tarehe 1 Agosti 2019 ulifungwa kwa saa kadhaa kwa hofu ya Ebola. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya Covid, na Januari 2025 vita vilifika Goma kwenyewe. Mchuuzi anayeishi kwa mpaka ana mbinu za kungoja. Mtu wa kubahatisha miezi miwili ya likizo hana.

Viazi, hata hivyo, vina faida nyingine kwa mwalimu, nayo haidai apande hata kimoja. Vinaamua ni lini wazazi wana fedha. Msimu wa pili unavunwa karibu na Juni na Julai, yaani fedha inaingia kaya za Nyakiriba wakati hasa shule zinafungwa. Miezi mikavu ya mwalimu ni miezi ambayo mkulima anaweza kulipa. Na kuna kitu mkulima huyo anakihitaji. Mwaka 2008 serikali iliamua kuhamisha ufundishaji kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwishoni mwa 2019 ikaamua Kiingereza kianzie darasa la kwanza. Mzazi aliyesoma kabla ya hapo, au aliyesoma ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, anashika daftari la mwanawe asiweze kusoma swali, sembuse kujibu. Hana shida na mtaala wa ziada. Anataka mtu akae na watoto watano au sita wa kijiji, asubuhi mbili tatu kwa wiki, wasome Kiingereza kwa sauti na kufanya hesabu kwa lugha hiyo. Mtaji wa kazi hiyo ni chaki na ubao, na muhula ukianza inapungua yenyewe bila hasara. Ndiyo maana naiweka mbele ya zote.

Watanijibu kwamba wazazi wa Nyakiriba ni maskini, hawawezi kulipa tuisheni. Hawawezi kulipa Novemba, fedha yao ikiwa imezikwa shambani. Mapatano yafanywe Mei, malipo yawe baada ya mavuno, na anayetaka kulipa kwa viazi akubaliwe kwa kilo zilizopatanwa mapema, si kwa ndoo ya kukadiria. Mavunoni kuna pia kazi ya kupima na kuandika mizigo kwenye makusanyo ya viazi, na wengine watasema mwalimu aliyesoma hawezi kusimama hapo. Anaweza, na wakati wa mavuno mtu anayeandika tarakimu zisizobishaniwa anahitajika kuliko mbeba magunia wa ziada. Aibu hiyo imewagharimu walimu wengi kazi za wiki nne zinazolipa taslimu.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito wote: tuisheni huharibu shule, mwalimu akificha somo la asubuhi ili aliuze jioni. Hofu hii ina msingi. Kenya, katika sheria yake ya elimu ya msingi ya 2013, ilipiga marufuku tuisheni za likizo. Mwalimu wa muda wa Nyakiriba basi asichukue malipo kutoka kwa mtoto wa darasa analolishika muhula huo, asifundishie katika chumba cha shule, na amweleze mwalimu mkuu anachofanya kabla mwalimu mkuu hajakisikia sokoni. Mwalimu mkuu ndiye atakayempigia simu Septemba, mwalimu mwingine akienda kujifungua.