Taa Zinapepesa, Usukani Unatetemeka: Ni Ugonjwa Mmoja au Miwili?

Mvua ya Kakamega hupenda kunyesha alasiri, na dereva anayerudi jioni kutoka Mumias hujikuta amewasha kila kitu kwa pamoja: taa, waipa na feni ya kuondoa ukungu kwenye kioo. Hapo ndipo gari lenye umri hujifichua. Taa zinapepesa, usukani unatetemeka mikononi, na kesho yake mwenye gari yuko kwa fundi akitajiwa altaneta, betri na matairi mapya kwa mkupuo mmoja. Kabla ya kutoa pesa, jibu swali moja: je, mambo haya mawili hutokea wakati uleule?

Yakitokea pamoja, gari likiwa limesimama au likienda polepole, anza na mkanda. Katika magari mengi ya zamani yenye usukani wa haidroliki, mkanda mmoja huzungusha altaneta na pampu ya usukani. Ukilegea, ukachakaa au ukalowa maji, huteleza. Zungusha usukani hadi mwisho unapoegesha: pampu inadai nguvu nyingi, mkanda unapiga mluzi, usukani unashtukashtuka, na papo hapo taa zinafifia. Zima injini uutazame mkanda upande wa ndani. Nyufa, kingo zilizonyofoka au uso uliolainika hadi ukang'aa, vyote vinasema kazi yake imekwisha.

Mkanda ukiwa mzima, sikiliza injini. Plagi iliyochoka inaweza kushusha mizunguko kutoka 700 au 800 kwa dakika hadi 500. Kwa mwendo huo altaneta haitoi umeme wa kutosha, na mtikisiko wa injini hupenya hadi kwenye usukani, hasa mauntingi zikiwa zimepasuka. Kanyaga mafuta kidogo: vyote viwili vikitulia, tatizo liko kwenye injini, wala si kwenye taa. Tena mauntingi iliyopasuka huiacha injini icheze, na kucheza huko hukata polepole waya wa ethi unaoiunganisha na bodi.

Taa zikipepesa peke yake, tafuta multimita. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikinguruma, kipimo hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kikibaki chini ya 13 huku taa zimewashwa, altaneta haichaji inavyopasa. Kikipita 15, regyuleta imeharibika na balbu zitaanza kuungua. Namba zikiwa nzuri na taa bado zinacheza, pima ethi: ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, taa zikiwaka. Ukiona zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea kwenye kutu au kiungo kilicholegea. Dawa yake mara nyingi ni msasa na spana namba 10.

Kuna kipimo kimoja cha jua kali cha kukataa kabisa: kuchomoa tamino ya betri injini ikiwa inanguruma, eti isipozimika basi altaneta ni nzima. Peugeot 504 ya kabureta ingeweza kustahimili. Gari lenye kompyuta ya injini halina hakika hiyo, kwa sababu betri ikiondolewa ghafla, umeme wa altaneta huruka juu na unaweza kuunguza kompyuta hiyo.

Usukani ukitetemeka peke yake, tazama mwendo na mguu wako. Ukianza kutetemeka kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha ukatulia ukipunguza kasi, magurudumu yamepoteza balansi. Kwa anayetumia barabara za udongo za Shinyalu au Malava, chungulia kwanza ndani ya rimu. Tope jekundu hung'ang'ania upande mmoja, likakauka, na gramu chache tu zinatosha kutikisa gari zima. Lioshe kabla ya kulipia balansi. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, tazama diski za mbele. Gari likiyumba kwa kasi yoyote na kugonga kwenye mashimo, liinue kwa jeki ulitegemeze vizuri, kisha shika gurudumu. Likicheza ukilisukuma juu na chini, shuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi.

Ukifika gereji, usianze na "nibadilishie altaneta." Mweleze fundi ulikuwa kasi gani, kama ulikanyaga breki, kama mvua ilikuwa ikinyesha, na mwombe apime mbele yako kabla ya kufungua kitu. Panga matengenezo kwa gharama: kusafisha na kukaza kwanza, mkanda na balansi baadaye, altaneta mwisho. Kitu kimoja tu hakingojei foleni hiyo, nacho ni kiungo cha usukani chenye mchezo. Kikichomoka, dereva hana tena mamlaka juu ya gurudumu, na barabara ya Kisumu kwenda Webuye hupitwa na malori usiku na mchana. Gari la namna hiyo lisitoke gereji kabla halijatengenezwa.