Shahada za Kiingereza Ulaya: Bei ya 'bure' yazidi kuadimika

SOKO la shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza katika nchi za Ulaya ambazo wenyewe hawazungumzi Kiingereza limeendelea kupanda bei, na wazazi wa Afrika Mashariki wanaopanga kupeleka vijana wao huko hawana budi kupiga hesabu upya kabla ya kujaza fomu.

Dalili kubwa ya miaka ya karibuni ilitoka Munich, Ujerumani. Chuo Kikuu cha Ufundi cha mji huo, maarufu kwa kifupi cha TUM, kilianza kuwatoza ada wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya katika muhula wa baridi wa 2024/25. Kiwango ni euro 2,000 hadi 3,000 kwa muhula kwa shahada ya kwanza, na euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula kwa shahada ya uzamili.

Kiasi hicho bado ni kidogo kikilinganishwa na kinachodaiwa na vyuo vingi vya Uingereza na Marekani. Hata hivyo, habari hiyo ina uzito kwa sababu Ujerumani ndilo soko kubwa ambalo vyuo vyake vingi vya umma bado havimtozi mgeni ada ya masomo, na TUM ni miongoni mwa vyuo vinavyotafutwa sana huko. Majirani zake wa kaskazini walikwisha kuondoka kwenye bei hiyo mmoja baada ya mwingine.

BIDHAA ILIVYOINGIA SOKONI

Kwa muda mrefu aliyetaka shahada ya Kiingereza nje ya nchi alikwenda Uingereza au Marekani. Mambo yalibadilika serikali ya Uingereza ilipoamua kuwa kuanzia mwaka wa masomo 1980/81 wanafunzi wapya wa kigeni walipe gharama yote ya masomo yao bila ruzuku ya mlipa kodi. Tangu hapo mwanafunzi wa nje akawa chanzo cha mapato, na vyuo vya Uingereza vikajifunza kumtafuta.

Nchi za bara zilikuja nyuma. Mpango wa Erasmus ulioanza mwaka 1987 ulifanya wanafunzi wa Ulaya wabadilishane vyuo, na vyuo vya nchi zenye lugha ndogo vikaona tatizo: Mhispania hawezi kuja kusoma muhula mmoja Denmark kama masomo yote ni kwa Kidenmark. Masomo machache yakaanza kutolewa kwa Kiingereza ili ubadilishanaji uwezekane.

Uholanzi ilijaribu kwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 1990, waziri wa elimu wa wakati huo, Jo Ritzen, alitoa wazo kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika vyuo vikuu vya nchi hiyo. Wazo hilo lilizua kelele kubwa bungeni na magazetini. Sheria ya elimu ya juu ya mwaka 1992 ikaweka Kiholanzi kuwa lugha ya kufundishia, lakini ikaacha nafasi ya kutumia lugha nyingine kwa sababu maalumu. Vyuo viliitumia nafasi hiyo kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kuibana.

Kilichofungua soko hasa ni Azimio la Bologna, lililotiwa saini na nchi 29 mwezi Juni 1999. Nchi hizo zilikubaliana kuwa na mfumo mmoja wa ngazi za shahada. Kabla ya hapo Mjerumani alisoma hadi kupata Diplom au Magister, vyeti ambavyo mwajiri wa nje alipata tabu kuvipima. Baada ya Bologna kukawa na shahada ya uzamili ya miaka miwili au mmoja, inayojitegemea, yenye jina linaloeleweka kila mahali. Bidhaa ya namna hiyo huuzika.

Takwimu zilizokusanywa kwa ajili ya umoja wa ushirikiano wa vyuo, ACA, wenye makao yake Brussels, zinaonyesha kasi ya ongezeko hilo. Mwaka 2001 kulikuwa na programu 725 za Kiingereza katika nchi za Ulaya zisizozungumza lugha hiyo. Mwaka 2007 zilifika 2,389, na mwaka 2014 zikawa 8,089. Nchi zilizoongoza kwa wingi mwaka huo ni Uholanzi, Ujerumani na Uswidi, na sehemu kubwa ya programu zote ilikuwa ya uzamili.

MILANGO YAFUNGWA

Mwanzoni mgeni alikuwa akiingia katika nyingi ya programu hizo bila ada, kwa sababu mwenyeji naye alikuwa halipi. Walipa kodi walipoona idadi inakua, swali likawa moja: kwa nini mfanyakazi wa Copenhagen au Stockholm amsomeshe mtoto wa mtu ambaye hajawahi kulipa kodi nchini humo?

Denmark ilikuwa ya kwanza kati ya nchi za Kaskazini kulijibu, ikaanza kuwatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya mwaka 2006. Uswidi ilifuata katika muhula wa vuli wa 2011, Ufini mwaka 2017, na Norwei mwaka 2023. Ufaransa nayo ilitangaza viwango tofauti kwa wageni kuanzia mwaka 2019, ambavyo vilianza kwa euro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na euro 3,770 kwa uzamili, ingawa vyuo vyake vingi vimekuwa vikitoa misamaha.

Soko lilijibu mara moja. Uswidi ilipoanza kutoza, idadi ya wanafunzi wapya kutoka nje ya Ulaya waliokuja kwa juhudi zao wenyewe ilishuka kwa zaidi ya nusu katika mwaka mmoja. Norwei ilipata pigo kama hilo miaka kumi na miwili baadaye. Waliopotea kwanza ni wale wenye sifa za kitaaluma lakini wasio na fedha, na wengi wao ni kutoka Afrika na Asia ya Kusini.

Uswidi iliongeza jambo lingine dogo linaloumiza: ada ya maombi ya kronor 900, ambayo hairudishwi hata mwombaji akikataliwa.

HESABU YA UJERUMANI

Kwa sababu hizo macho ya wengi yameelekea Ujerumani. Hapa ndipo neno 'bure' linapohitaji kuchunguzwa kwa makini.

Ni kweli kwamba majimbo mengi hayatozi ada ya masomo. Ujerumani iliwahi kujaribu: baada ya uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2005, majimbo kadhaa yalianza kutoza hadi euro 500 kwa muhula, lakini wananchi walipinga na jimbo la mwisho, Niedersachsen, liliiondoa ada hiyo mwaka 2014. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo kama Heidelberg na Freiburg, likarudi tena kwa wageni peke yao. Tangu muhula wa baridi wa 2017/18 linawatoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula.

Pasipo na ada ya masomo kuna mchango wa muhula, ambao kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 400 na mara nyingi huwa na tiketi ya usafiri ndani yake. Huo si mzigo mkubwa.

Mzigo uko kwenye viza. Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kuishi mwaka mzima, na njia ya kawaida ni kuziweka katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, ambayo mwenyewe hawezi kuichota yote kwa mara moja. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904, yaani euro 992 kwa kila mwezi. Fedha hizo ni mali ya mwanafunzi na humrudia kila mwezi akishafika, lakini lazima ziwepo zote kabla ya kupanda ndege.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mathalani mzazi wa Moshi aliyesikia kwamba Ujerumani ni bure huuza mazao, kijana akapata nafasi ya uzamili, barua ikaja, sherehe ikafanyika. Kisha ubalozi unataka uthibitisho wa euro 11,904. Kiwanja hakiuziki kwa wiki tatu kwa bei ya haki, na muhula hausubiri.

Kwa shahada ya uzamili ya miaka miwili, ukichukua euro 992 kwa mwezi na mchango wa euro 300 kwa muhula, hesabu yote inakuwa hivi:

Jimbo lisilotoza ada: euro 25,008.
Baden-Württemberg: euro 31,008.
Chuo kinachotoza euro 4,000 hadi 6,000 kwa muhula: euro 41,008 hadi 49,008.

Nauli, viza na mitihani ya lugha havimo. Bima ya afya, ambayo ni ya lazima na hupita euro 100 kwa mwezi, inatoka ndani ya zile euro 992. Msomaji ataona kwamba hata pale penye 'bure', gharama ya kuishi peke yake inazidi euro 23,000. Ndiyo maana si busara kulinganisha nchi kwa ada tu. Shahada ya uzamili ya Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja. Ada yake ni kubwa, lakini mwaka mmoja wa kodi ya nyumba na chakula unaokolewa.

KIINGEREZA UNACHO, KIJERUMANI JE?

Vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda wana mtaji ambao Wachina na Wabrazili wengi wanaununua kwa fedha: wamesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza. Hata hivyo vyuo vingi vya Ulaya bado vinataka cheti cha IELTS au TOEFL, ambavyo matokeo yake hutumika kwa miaka miwili tu. Baadhi hukubali barua ya chuo cha nyumbani inayothibitisha kuwa masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Ni vizuri kuuliza kwanza kabla ya kulipia mtihani.

Jambo la pili ni ngazi ya masomo. Programu za Kiingereza katika vyuo vya umma vya Ujerumani ziko zaidi kwenye uzamili. Shahada ya kwanza bado kwa sehemu kubwa ni kwa Kijerumani, na mwombaji ambaye cheti chake cha sekondari hakihesabiwi sawa na Abitur ya huko hupelekwa kwanza Studienkolleg, ambako husoma kwa kawaida mwaka mmoja na kufanya mtihani kabla ya kuingia chuoni. Kwa hiyo aliyemaliza shahada ya kwanza nyumbani ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyemaliza kidato cha sita.

Jambo la tatu ni kazi. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka, na akihitimu hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta ajira. Lakini mwenye mgahawa, hospitali na kiwanda cha mji mdogo huzungumza na wateja na wafanyakazi wake kwa Kijerumani. Shahada ya Kiingereza humwingiza mwanafunzi darasani. Kazi ya mtaani inataka lugha ya mtaani, na ni nafuu kuanza kuisoma ukiwa Dar es Salaam au Nairobi kuliko kungoja kufika.

SHILINGI NAYO

Ada na gharama ziko kwenye euro, kronor au dola, na mshahara wa mzazi uko kwenye shilingi. Yaliyotokea Kenya ni funzo. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 124 za nchi hiyo. Mwezi Januari 2024 ilifika 160, na kabla ya mwaka huo kwisha ilirudi kwenye 129 hivi.

Mzazi aliyehitaji dola 10,000 angetoa shilingi 1,240,000 katika tarehe ya kwanza, na 1,600,000 katika ya pili. Ada ya chuo haikuwa imeongezeka hata senti moja. Anayesomesha kwa miaka miwili au mitatu anapaswa kuweka akiba ya pembeni kwa ajili ya mabadiliko hayo, au kununua fedha za kigeni kidogo kidogo mapema.

NAFUU IKO WAPI

Ufadhili haujakauka. Shahada za pamoja za Erasmus Mundus, zilizoanza mwaka 2004, ziko wazi kwa watu wa nchi zote, na katika awamu ya 2021 hadi 2027 mfadhiliwa hupewa euro 1,400 kwa mwezi na halipi ada. Shirika la Ujerumani la DAAD lina ofisi Nairobi. Uswidi nayo, baada ya kuanza kutoza, ina ufadhili wa serikali kwa nchi inazozichagua.

Kwa mwenye uzamili tayari, shahada ya uzamivu katika Uswidi, Norwei na Uholanzi mara nyingi ni ajira yenye mshahara, na nafasi zake hutangazwa kama nafasi za kazi.

Mwisho ni habari ya mawakala. Wapo waaminifu, lakini wengi hulipwa kamisheni na chuo kinachopata mteja, na kwa hiyo hawana sababu ya kutaja chuo kisicholipa. Vyuo vya umma vya Ujerumani hupokea maombi moja kwa moja au kupitia ofisi ya uni-assist iliyoko Berlin, inayotoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila ombi linalofuata katika muhula huo. Atakayeombwa malipo makubwa kuliko hayo kwa ajili ya kupeleka fomu aulize fedha inayozidi inanunua nini.

Mzazi makini ataandika maswali manne kwenye karatasi moja: ada ya kozi nzima ni kiasi gani, fedha za kuonyesha ubalozini ni kiasi gani na zitakuwa tayari tarehe ipi, kozi ni ya miaka mingapi, na kijana atafanya kazi kwa lugha gani. Asipopata majibu yote manne, ni afadhali kungoja muhula unaofuata kuliko kuuza kiwanja muhula huu.