Kubadili Nukta Msingi ya Bloku Pasipo Umbo Kuhama: Suala la Mahali katika Uchoraji wa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo moja la uchoraji wa ramani kwa kompyuta, yaani namna ya kubadili nukta msingi ya bloku pasipo bloku hiyo kuonekana imesogea katika ramani. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kulikuta suala hili hapa. Sababu ni kwamba maelekezo ya Kiswahili yanayomjia mtu upesi kuhusu kazi hii, mathalani "hamisha nukta msingi bila kuihamisha bloku", ni sahihi kisarufi lakini ni potofu kimaana, na mwanafunzi akiyafuata neno kwa neno ataharibu ramani. Kosa la milimita 450 katika nafasi ya mlango si kosa la kalamu. Mwashi ataacha uwazi ukutani kwa kulifuata.

Mifano yetu inatokana na AutoCAD, programu iliyoanza kutolewa mwaka 1982, ingawa kanuni yenyewe inahusu programu nyingine nyingi za aina hiyo.

2.0 Bloku na mapachiko yake

Bloku ni mkusanyiko wa mistari na maumbo uliopewa jina moja ili utumike kama kitu kimoja: mlango, dirisha, sinki, nguzo. (Neno hili lisichanganywe na bloku ya saruji, ingawa katika ramani ya ukuta muktadha hausaidii sana.) Umbo huchorwa mara moja tu, na hayo ndiyo tunayoweza kuyaita maelezo ya bloku. Kila mahali linapotakiwa katika ramani huwekwa kitu ambacho hapa tutakiita pachiko. Pachiko halibebi mistari yoyote. Hubeba jina la bloku, nukta ya kupachikia, kizidisho cha ukubwa na pembe ya mzunguko, basi.

Kwa mwanaisimu uhusiano huu si mgeni, kwani unakaribiana na ule wa kidahizo cha kamusi na utokeaji wa neno katika matini. Tofauti ni kwamba mhariri wa kamusi akirekebisha kidahizo, vitabu vilivyokwisha kuchapishwa havibadiliki. Ilhali maelezo ya bloku yakirekebishwa, mapachiko yote hubadilika mara moja.

Nukta msingi ni ile nukta iliyomo katika maelezo ambayo hukutanishwa na nukta ya kupachikia. Katika kihariri cha bloku, kinachofunguliwa kwa amri ya BEDIT, nukta hiyo kwa kawaida ni asili ya vipimo, yaani 0,0. Kwa hiyo kuibadili ni sawa na kuyasogeza maumbo yote mpaka sehemu inayotakiwa iangukie hapo kwenye 0,0.

Tuchukue mlango wenye upana wa milimita 900 ambao nukta yake msingi iko katikati. Mchoraji angependa iwe kwenye bawaba, kwa kuwa ndiko mlango unakozungukia. Anafungua maelezo, anayasogeza maumbo milimita 450 kuelekea kulia, anahifadhi. Mara hiyo milango yote ya nyumba inaruka, na wala hairuki kuelekea upande mmoja. Ule usiozungushwa unakwenda kulia. Uliozungushwa nyuzi 90 kinyume cha saa unapanda juu. Uliogeuzwa kama katika kioo unakwenda kushoto. Na ule uliopachikwa kwa kizidisho cha 2 unasogea milimita 900. Ndiyo maana haiwezekani kuichagua milango yote na kuirudisha kwa mkupuo mmoja.

Dawa yake ni hesabu. Tofauti baina ya nukta msingi mpya na ya zamani, ambayo katika mfano wetu ni (−450, 0), huzidishwa kwa kizidisho cha pachiko, kisha huzungushwa kwa pembe yake, kisha hujumlishwa na nukta ya kupachikia. Pachiko lililo (5000, 3000) na lililozungushwa nyuzi 90 litahamia (5000, 2550). Lile lililo mahali hapohapo bila mzunguko, lakini lililogeuzwa kwa kizidisho cha −1 katika mlalo, litahamia (5450, 3000). Wachoraji wengi huiachia kazi hii programu fupi ya AutoLISP, na wanafanya vyema.

3.0 Hama, hamisha, na mahali

Sasa kasoro ya maelekezo yetu ya awali inaonekana. Hamisha ni kauli ya kutendesha. Inataja tendo la mtu. Hama hutaja badiliko la kitu chenyewe. Anayesema "bila kuihamisha bloku" anakataza tendo lilelile linalohitajika, maana kila pachiko ni lazima lihamishwe ili umbo lisihame. Kinachobaki mahali pake ni umbo linaloonekana, si pachiko.

Ngeli za mahali zinatusaidia hapa kuliko istilahi yoyote mpya. Tangu Ashton (1944) tumezoea kufundisha kwamba PA ni mahali dhahiri na MU ni ndani. Bloku ina mahali kuwili kwa namna hiyohiyo: humo katika maelezo, na hapo katika ramani. Maelekezo yangeweza kuwa: "Hamisha nukta msingi humo katika maelezo, kisha hamisha kila pachiko, ili umbo lisihame hapo lilipo." Ni marefu zaidi, lakini ni ya kweli.

Kuhusu istilahi yenyewe, wapo watakaopendelea kitovu. Sikubaliani nao, kwa kuwa kitovu humfanya mtu afikirie katikati, na nukta msingi yaweza kuwa pembeni au hata nje ya umbo. Nanga ina mvuto wake, lakini yatosha kubaki na nukta msingi.

Yapo mambo mawili ambayo hesabu peke yake haiyamalizi. Kwanza, pachiko laweza kuwamo ndani ya bloku nyingine, na hapo nalo lirekebishwe humo humo, si katika ramani tu. Vilevile matabaka yaliyofungwa yafunguliwe kwanza, la sivyo mapachiko yaliyomo hayatasogea. Pili, sifa za maandishi, kama namba ya mlango, hazifuati maelezo mapya zenyewe. Pachiko likihamishwa huenda nalo, umbo likabaki, na namba ikaonekana milimita 450 kando ya mlango wake. Amri ya ATTSYNC huzirudisha mahali pake bila kufuta namba zilizoandikwa, ila mchoraji ajue kwamba huzirudisha pia zile alizokuwa amezisogeza makusudi kwa mkono wake.